Nilimtafuta Sunday Siku ya Jumamosi

Siku hizi ukitaja jina la Manara mbele ya kijana wa miaka ishirini, anayemjia kichwani ni Haji: kipaza sauti, suti, maneno ya moto kuelekea mechi ya watani, kwanza akiwa Simba, kisha 2021 akahamia Yanga. Sina neno na Haji. Mpira wetu bila maneno ungekuwa uji usio na sukari. Ila kwetu Ilala jina hilo lilikuwa na mwenyewe mwingine. Mjomba wangu, aliyenifundisha kuupenda mpira kabla sijajua kusoma, akisema Manara bila kuongeza kitu alikuwa anamsema Sunday, baba yake Haji. Na mara nyingi hata Manara hakusema. Alisema "Kompyuta".

Nilikua nalisikia jina hilo kama vile mtu anavyosikia jina la mtaa, bila kuuliza limetoka wapi. Ukubwani ndipo nilipokiona kichekesho kilichomo. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni nazo humo humo. Wizara ya Fedha ilikuwa imeletewa mtambo wa kuhesabia miaka ya sitini, ukawapa hasara na aibu, basi mlango ukafungwa. Kwa hiyo katika Tanzania Bara ya wakati ule, kompyuta ambayo mwananchi wa kawaida angeweza kuiona kwa macho yake ilikuwa moja tu, imevaa njano na kijani, inapokea mpira mgongo umeelekea goli na tayari inajua beki atakosea upande gani.

Mwaka huo huo wa marufuku ndio wa Nyamagana. Tarehe 10 Agosti 1974, Mwanza, Yanga na Simba wakigombea ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, dakika ya 16, na Simba wakakaa na bao lao hadi watu wa Msimbazi wakaanza kuimba. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Dakika ya 97, katika muda wa nyongeza, Sunday Manara akaweka la pili. Mjomba hakuwepo Mwanza. Alikuwa barazani kwa jirani, wamezunguka redio ya betri ambayo kila ikififia mtu aliyatoa mawe na kuyasugua mikononi ili yapate nguvu. Bao la Sembuli walilisikia vizuri. Bao la Manara, anasema, walisikia nusu, kisha makelele, kisha mtu akaangusha redio. Ndivyo mjomba alivyoliona bao analolipenda kuliko yote maishani mwake: hakuliona.

Nalitaja hilo kwa sababu lina uzito kwa yaliyofuata.

Yanga ya miaka ile haikudumu. Mgogoro ukaingia klabuni, makundi yakagawanyika, na mnamo 1976 walioondoka wakawa na timu yao, Pan African. Kina Manara walikuwa upande wa walioondoka: Kitwana, yule "Popat" aliyeweza kudaka langoni na kufunga mbele, na Kassim mdogo wao. Yanga iliyobaki ilikwenda kukutana na Simba tarehe 19 Julai 1977, ikafungwa sita bila, Abdallah Kibadeni akapiga matatu peke yake. Shabiki wa Simba akikukera hadi leo atakutajia siku hiyo. Mwaka huo wa 1977 ndio Sunday Manara alipokwenda Uholanzi kucheza mpira wa kulipwa, na anatajwa kuwa Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo Ulaya.

"Kaenda Ulaya." Barazani habari iliishia hapo. Hapakuwa na televisheni Bara, na haingekuwapo hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo, ya rangi, tena tangu mapema, lakini sidhani kama kuna mtu wa Unguja aliyewahi kuwasha televisheni akakuta ligi ya pili ya Uholanzi. Uholanzi yenyewe ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Dunia 1974 na ilikuwa njiani kucheza nyingine 1978. Hivyo watu waliposikia Uholanzi wakajaza wenyewe: Ajax, Cruyff. Mjomba aliamini kwa miaka kadhaa kwamba Kompyuta anacheza Amsterdam. Alipoambiwa kuwa timu inaitwa Heracles, akasema labda ni jina la uwanja wa Ajax.

Heracles iko Almelo.

Almelo nisingeijua maisha yangu yote kama nisingekuwa mpima ardhi. Kuna chuo pale Enschede, mashariki kabisa mwa Uholanzi, kiitwacho ITC, ambacho kimefundisha Watanzania wengi wa ramani na upimaji. Ukiingia ofisi yoyote ya ardhi nchini, uwezekano wa kumkuta aliyepita huko ni mkubwa. Zamu yangu ilifika. Wiki ya pili nikiwa nimesimama stesheni nikisoma ubao wa treni, nikaona jina. Hengelo, Borne, Almelo. Chini ya nusu saa. Nilimpigia mjomba palepale, baridi inaniuma masikio, nikamwambia niko jirani na Kompyuta. Akaniuliza, "Kwani yuko huko bado?"

Almelo ni mji wa viwanda vya nguo, au ulikuwa. Kiwanda cha Ten Cate kiliutawala kama vile reli ilivyoitawala Tabora. Heracles ilizaliwa 1903 katika mji huo wa wafumaji, jezi nyeusi na nyeupe, ikawa bingwa wa nchi 1927 na tena 1941, halafu ikaporomoka. Kufika miaka ya sitini na sabini viwanda vya eneo lile vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine. Huku kwetu Ubungo, Urafiki, kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi 1968, kilikuwa ndio kwanza kinashika kasi. Kwa hiyo Manara alitoka katika jiji ambalo vitambaa vilikuwa vinaanza, akaenda katika mji ambao vitambaa vilikuwa vinakwisha. Hilo halina maana yoyote kimpira, ila mimi huwa nalifikiria.

Timu aliyoikuta ilikuwa katika daraja linaloitwa Eerste Divisie. Jina maana yake ni daraja la kwanza, lakini ni la pili. Mtanzania halimpi shida hilo. Sisi nasi tulikuwa na Ligi Daraja la Kwanza iliyokuwa ya pili, hadi 2021 ilipoitwa Championship. Heracles ilikuwa imezama humo tangu 1966 na haikupanda hadi 1985. Tena daraja lenyewe wakati huo halikuwa na mlango wa chini. Waholanzi walikuwa wameifuta ligi ya tatu ya kulipwa mwaka 1971, hivyo ukiwa wa mwisho hushuki popote. Unakaa. Mwakani unaanza tena na walewale, mvua ileile.

Watu wetu wanaliona hilo kama doa. Nimeshasikia, tena kwa wachambuzi wa redioni wenye akili zao: "Ndiyo, alikwenda Ulaya, lakini alicheza ligi ya pili." Hiyo "lakini" inanikera. Inatoka kwa mtu aliyezaliwa katika enzi ya wakala, video za mtandaoni na tiketi ya majaribio. Kompyuta aliondoka katika nchi ambayo mpira ulikuwa wa ridhaa, mchezaji akiwa mwajiriwa wa shirika la umma anayeomba ruhusa ya kwenda mazoezini. Hakukuwa na njia, na hata aliyeijua hakuwepo wa kumuuliza.

Ingawa, kusema kweli, Heracles ilikuwa imeshaona mtu wa kwetu kabla yake. Miaka ishirini nyuma, 1957, alifika Steve Mokone kutoka Afrika Kusini. Alikuwa ameponyoka nchi ya ubaguzi wa rangi akapitia Coventry City ya Uingereza, akatua Almelo, na msimu wake wa kwanza timu ikabeba ubingwa wa daraja lake la chini na kupanda. Waholanzi walimpa jina la Kimondo Cheusi. Sisi wenye kimondo chetu pale Mbozi tunajua kitu kikianguka kutoka juu watu hukizunguka miaka na miaka. Mokone Almelo wanamkumbuka. Nilitaka kujua kama wanamkumbuka na mwingine.

Nikaenda Jumamosi moja ya mwaka 2013, Heracles wakiwa wamesharudi ligi kuu. Uwanja wa zamani wa Bornsestraat, ule aliouchezea Manara, klabu ilikuwa imeshauhama tangu 1999. Mpya upo kando ya mji, na nilipoingia nikacheka peke yangu, kwa sababu nyasi zilikuwa za bandia. Nimetoka Tanzania hadi Ulaya kutazama mpira kwenye kapeti.

Kabla ya mechi nilikaa mgahawani, kahawa mkononi. Meza ya pili alikuwepo mzee mwenye skafu nyeusi na nyeupe, umri wake kama wa mjomba au zaidi. Waholanzi wa upande ule wana ukimya fulani, si wa kiburi, ni wa watu waliozoea kelele za mashine. Nikamsogelea kwa Kiingereza changu cha ramani. Nikamwambia natoka Tanzania, nimekuja kwa ajili ya Sunday.

Akanitazama kwa huruma. "Hapana, hapana," akasema, "mechi ni leo. Jumamosi. Saa moja na dakika arobaini na tano."

Nikamwambia najua ni leo, namtafuta Sunday. Akanishika mkono, akatoa tiketi yake mfukoni, akanionyesha tarehe kwa kidole. Nchi ile kuna vijiji ambavyo kwa sababu za dini hawachezi kabisa Jumapili, wanacheza Jumamosi tu, na vingine vinacheza Jumapili tu, na mambo hayo wanayachukulia kwa uzito. Mzee alidhani nimechanganyikiwa katika mgawanyo huo. Ilinibidi niandike kwenye kitambaa cha karatasi: SUNDAY MANARA, 1977.

Akasoma. Akafikiri kwa muda mrefu, na mimi nikawa nimeshika kikombe kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Mokone alimjua, alikuwa mtoto, baba yake alimbeba begani kwenda kumwona. Lakini huyu, hapana. "Miaka hiyo," akasema, "kiwandani walikuwa wamenipunguza. Sikuwa nakwenda uwanjani."

Nimelibeba jibu hilo muda mrefu. Huku nyumbani hatukuwa na televisheni, kule walikuwa hawana kazi. Mtu mmoja kati yao wawili angemwona, mjomba au mzee wa skafu, na hakuna aliyemwona.

Mimi mwenyewe nilionja kidogo, ingawa kulinganisha ni utovu wa adabu. Nilipokuwa Enschede nilijiunga na klabu ya kijiji jirani, kikosi cha nne, ambacho kwa mizani ya Waholanzi kiko chini ya chini, kinaundwa na mafundi bomba, mwalimu mmoja na jamaa mwenye kitambi aliyepiga faulo vizuri ajabu. Nilifika nikiwa winga wa Ilala, wa chenga na tobo. Mechi ya kwanza, Novemba, nyuzi joto mbili. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba vidole vya miguu vinakufa. Mpira unakuja, unajua umeugusa kwa sababu umeusikia mlio. Ile pasi ya kwanza ambayo ulikuwa ukiituliza ukiwa usingizini inakukimbia mita tatu, na beki wa kilo tisini anaifuata. Nikipiga chenga ya kwanza, sawa. Nikipiga ya pili, timu nzima inanipigia kelele nitoe mpira. Walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililouma. Mpira wao una saa, kila mguso una muda wake, na mimi nilikuwa nimelelewa katika mpira ambao muda ni wa mwenye mpira.

Baada ya mechi watu wale wale waliokukaripia wanakununulia kinywaji kantini, wanakula vidonge vya nyama vya kukaanga, na hakuna anayekumbuka ulichokosea. Nilirudi chumbani usiku ule nikamwaza Kompyuta. Jina lake lilijengwa juu ya kujua mapema kitakachotokea. Halafu anawekwa mahali ambapo kila kitu kinatokea mapema zaidi, juu ya tope, kwa lugha nyingine, na malipo ya kufikiri vizuri ni kupigwa kiwiko cha mbavu.

Hakukaa. Kutoka Almelo akavuka bahari hadi Marekani, New York Eagles. Hapo tena mjomba na wenzake walijaza wenyewe, maana New York ilikuwa timu ya Cosmos, na Pelé alikuwa ndio kwanza amestaafu hapo, Oktoba 1977. Lakini Eagles walikuwa ligi nyingine, American Soccer League, iliyokaa chini ya ile ya kina Cosmos. Mji mmoja, ngazi mbili. Beckenbauer wa Cosmos anajaza uwanja wa maelfu, na wewe uko upande wa pili wa mto unabadilishia nguo penye mabomba yaliyoganda.

Kisha Austria, katika timu ya St. Veit, mji mdogo wa jimbo la Kärnten ambao zamani sana ulikuwa makao makuu ya jimbo na tangu 1518 si kitu kikubwa tena. Wakazi wake hawajazi uwanja wetu wa Mkapa hata robo. Kassim mdogo wake naye alifika Austria. Watoto wawili wa nyumba moja ya Dar es Salaam, wakikimbia chini ya milima ya theluji, miaka ambayo sisi tulikuwa tunapanga foleni ya sukari. Mwisho akaenda Dubai, Al Nasr, kabla Dubai haijawa Dubai, wakati Mswahili akienda Uarabuni watu walidhani amefuata biashara ya magari.

Uholanzi, Marekani, Austria, Imarati, katika miaka michache. Kijana wa leo akifanya safari hiyo tungekuwa na picha za kila uwanja wa ndege.

Na wapo waliofuata njia hizo hizo za pembeni. Renatus Njohole alikwenda Yverdon, Uswisi, mji wa kando ya ziwa ambao mashabiki wa Simba waliutamka kwa namna saba. Nizar Khalfan, mtoto wa Mtwara, alipita Kuwait na Lebanon, akaingia Vancouver Whitecaps 2009 ikiwa bado timu ya ngazi ya pili, akakaa nayo hadi ilipoingizwa ligi kuu ya Marekani mwaka 2011, naye yumo. Majirani zetu Wakenya wana McDonald Mariga, ambaye watu humwanzia Inter Milan ya 2010, ile iliyobeba mataji matatu. Mariga alianzia Enköping, Sweden. Nimejaribu kulitamka jina hilo mbele ya Msweden, akaniomba niliandike. Hakuna aliyemwambia Mariga "lakini", kwa sababu aliishia juu. Ambao hawakuishia juu ndio tunawahesabia madaraja.

Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk Januari 2016, mjomba alikuwa ameshanunua king'amuzi. Alitazama kila mechi aliyoweza, miwani puani, akilalamika kuwa picha inachelewa. Siku moja nikamkuta amezima sauti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtangazaji anamsumbua, anamwambia vitu ambavyo yeye tayari anaviona. Nadhani alikuwa anafidia kitu.

Lakini nirudi Almelo. Usiku ule treni ya kurudi Enschede ilikuwa na washabiki wanne tu katika behewa langu, kimya, skafu zimelowa. Nikampigia mjomba. Alikuwa hajalala, kwake ilikuwa imekaribia saa sita usiku na alikuwa ananisubiri. Nikamweleza yote, kapeti, mgahawa, kosa la Jumamosi na Jumapili, ambalo alilicheka hadi akakohoa. Nikamweleza kuhusu Mokone. Halafu, kwa kuzungukazunguka, maana sikutaka kumvunja moyo, nikamwambia kuwa mzee niliyemuuliza alikuwa mpenzi wa Heracles tangu utotoni, na hamkumbuki Kompyuta.

Akanyamaza. Nilisikia feni yake kwenye simu.

"Mjomba," akaniita, kama tunavyoitana siku zote, "huyo mzee aliwahi kuwa kipa?"

Nikamwambia hapana, alikuwa mfumaji.

"Basi ndiyo maana," akasema. "Nenda katafute kipa."